Sesilia wa majini: mchimbaji aliyerudi mtoni

Mwaka 2012 picha za mnyama mmoja kutoka Brazili zilizunguka dunia kwa siku chache. Alikuwa mrefu, laini, mwenye rangi ya kijivu inayokaribia waridi, hana mguu hata mmoja, kichwa chake kimebapa, na macho yake hayaonekani. Wengi walimwita nyoka na kumpa jina la utani ambalo, kwa heshima ya msomaji, halitaandikwa hapa. Miaka 9 baadaye habari nyingine ilitoka Florida, Marekani, kwamba katika mfereji mmoja karibu na Miami amepatikana kiumbe asiye na miguu ambaye hakuwahi kuonekana porini katika nchi hiyo. Mara hii wengine walimwita mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, wengine mnyoo mkubwa, na wengine wakabaki na nyoka wao wa awali. Wanyama hao wawili ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo si wa nyoka, si wa mkunga, wala si wa minyoo. Kwa nasaba wako karibu zaidi na chura anayelia kwenye dimbwi wakati wa mvua kuliko na mnyama yeyote kati ya wale waliotajwa.

Tuanze na maneno, maana sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana nayo. Amfibia ni wanyama wenye uti wa mgongo ambao joto la mwili wao hufuata joto la mahali walipo, na ambao ngozi yao ni tupu na yenye unyevu, tena inapitisha maji na hewa. Wako katika makundi matatu yaliyo hai leo. La kwanza ni la vyura, ambao ndio wengi mno. La pili ni la salamanda, wanyama wenye mikia ambao ukiwatazama haraka utadhani ni mijusi walioloa. La tatu ni la sesilia, wasio na miguu kabisa. Kati ya spishi zaidi ya 8,000 za amfibia zinazojulikana, sesilia ni takriban 220 tu. Unaweza kuwafikiria kama ndugu watatu wa nyumba moja: wa kwanza anajulikana mtaa mzima kwa kelele zake, wa pili anaishi mbali na husikika mara chache, na wa tatu hatoki nje, kiasi kwamba hata majirani hawajui kuwa yupo.

Sesilia wengi hawaonekani kwa sababu huishi chini ya udongo katika nchi za joto za Afrika, Asia na Amerika. Lakini familia moja ya Amerika Kusini, iitwayo Typhlonectidae, ina spishi 14 hivi zinazoishi majini au kandokando ya maji, na baadhi yake hazitoki majini kabisa. Hawa ndio sesilia wa majini. Anayejulikana zaidi ni Typhlonectes natans wa mito ya Kolombia na Venezuela, ambaye hufikia nusu mita na ushei, na ndiye aliyepatikana Florida. Ndugu yake Typhlonectes compressicauda yuko katika bonde la Amazon na nchi za Guiana. Yule wa picha za Brazili ni Atretochoana eiselti, mkubwa kuliko wote wawili, anayeweza kukaribia mita nzima. Neno Typhlonectes limetoka katika Kigiriki na maana yake ni mwogeleaji kipofu. Jina sesilia nalo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya upofu. Waliompa majina hayo walikuwa na haraka kidogo, kama tutakavyoona.

Jambo moja likieleweka, mengine yote kuhusu mnyama huyu hujipanga yenyewe: sesilia wa majini ana mwili wa mchimbaji. Mababu zake walikuwa amfibia wenye miguu, kisha wakaingia udongoni na kuipoteza, halafu tawi moja la uzao wao likaondoka udongoni na kurudi majini. Kwa hiyo anayeogelea leo katika mto wa Kolombia amebeba vifaa vya kazi ya zamani, mfano wa fundi aliyehamia kazi mpya bila kununua zana mpya, akawa anazirekebisha zile zile kidogo kidogo hadi zikafaa.

Ushahidi wa safari hiyo upo. Katika miamba ya Arizona, Marekani, yamepatikana mabaki ya mnyama aliyeishi enzi ya Jura, aliyepewa jina Eocaecilia micropodia na kuelezwa kitaalamu mwaka 1993. Alikuwa na fuvu la sesilia na mwili mrefu wa sesilia, lakini pia alikuwa na miguu minne, midogo kiasi cha kuchekesha. Mwaka 2023 yalitangazwa mabaki ya zamani zaidi kutoka jimbo hilo hilo, ya Funcusvermis gilmorei, aliyeishi enzi ya Triasi, yapata miaka milioni 220 iliyopita. Miguu haikupotea kwa ajali. Kwa mnyama anayepenya kwenye udongo, mguu ni kizuizi: hunasa na kuongeza upana wa shimo linalohitajika. Mwenye mwili mwembamba na kichwa kigumu hupenya kwa nguvu ndogo zaidi, na kizazi baada ya kizazi wale wenye miguu midogo zaidi ndio waliofanikiwa.

Tazama sasa mwili wenyewe kwa karibu. Ukimwona Typhlonectes natans amelala chini ya tangi la maji, kitu cha kwanza kitakachokuvutia ni mikunjo ya ngozi inayomzunguka kama pete tangu shingoni hadi mwisho wa mwili. Pete hizo ndizo zinazowafanya watu waseme ni mnyoo. Mnyoo, hata hivyo, hana mfupa wowote, ilhali huyu ana fuvu lililoungana imara, uti wa mgongo wenye pingili nyingi, mbavu, taya na meno. Ngozi yake ina rangi ya jivu la mkaa, inang'aa, na ukiigusa inateleza kwa ute. Baadhi ya sesilia wa nchi kavu huficha magamba madogo ndani ya mikunjo ya ngozi. Huyu wa majini hana hata gamba moja. Mgongoni, kuelekea nyuma, ngozi imeinuka na kuwa kama pezi jembamba, lakini ukilipapasa hutakuta miiba ndani yake kama ile ya mapezi ya samaki. Ni ngozi tupu. Na kwa hakika hana mkia, kwa sababu tundu la kutolea taka na la uzazi, ambalo ni moja, liko karibu kabisa na ncha ya mwili. Nyoka ana mkia mrefu baada ya tundu hilo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa mtu anayejaribu kumtambua mnyama mkononi ni msaada mkubwa.

Namna anavyosogea nayo inasimulia historia ile ile. Sesilia wengi wa udongoni wana ujanja wa ajabu: uti wa mgongo wao hujikunja ndani ya ngozi huku ngozi ikibaki imetulia, kama mkono unaojikunja ndani ya shati pana bila shati kusogea, halafu hujinyoosha kwa ghafla na kusukuma kichwa mbele kama nyundo. Typhlonectes ameuacha ujanja huo. Ngozi yake imeshikamana zaidi na mwili, sehemu ya nyuma imebapa ubavuni, na anaogelea kwa kupiga mawimbi ya pembeni, kushoto na kulia, kama mkunga. Ndiyo maana wafugaji wa samaki wa mapambo walimuuza kwa miaka mingi kwa jina linalomaanisha mkunga wa mpira. Jina ni zuri kwa biashara, na ni baya kwa elimu.

Kuhusu macho, jibu fupi ni kwamba anaona, ila vibaya. Macho yapo, madogo kama vichwa vya pini, yamefunikwa na ngozi, na ndani yake kuna seli za aina moja tu, zile zinazohisi mwanga hafifu. Anatofautisha mwanga na giza, na hilo linamtosha kujua kama amejificha au la. Katika mto uliojaa tope, jicho zuri lisingemfaa sana.

Kinachomwongoza ni pua, na kando yake kiungo ambacho hakipo kwa mnyama mwingine yeyote mwenye uti wa mgongo. Kati ya jicho na tundu la pua, kila upande, sesilia ana mnyiri mdogo unaotoka kwenye kitundu chake. Mnyiri huo huchukua chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo cha kunusia kilicho ndani ya pua, kwa hiyo ni nusu kidole na nusu pua. Msuli unaoutumikisha ni ule ule ambao kwa wanyama wengine hurudisha jicho ndani ya tundu lake. Jicho lilipopungua kazi, msuli ukapewa ajira nyingine. Kuna sesilia wa Afrika Mashariki, wa jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) iitwayo Scolecomorphus, ambao jicho lenyewe limeambatana na mnyiri, likawa linatoka nje ya fuvu pamoja nao. Kwa sesilia wa majini mnyiri ni mfupi na uko karibu sana na pua, kiasi kwamba huwezi kuuona bila kioo cha kukuzia, lakini harufu bado ndiyo dira yake. Ukidondosha kipande cha mnyoo upande mmoja wa tangi, aliyelala upande wa pili hainui kichwa mara moja. Hupita muda. Kisha pua huanza kuyumba, kichwa hugeuka kulia na kushoto, na mwili mzima hufuata polepole, ukigonga mawe na kuta, hadi mdomo unapokigusa chakula. Hapo upole huisha: taya hufunga ghafla na mwili hujizungusha ili kung'oa kipande.

Suala la kupumua ndilo lenye mkanganyiko zaidi. Watu husikia kwamba ni mnyama wa majini na kudhani ana matamvua kama samaki. Mtu mzima hana. Typhlonectes hupumua kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ngozi: mishipa midogo ya damu imesambaa karibu sana na uso wa ngozi, na oksijeni iliyomo majini hupenya moja kwa moja. Ya pili ni mapafu, ambayo kwake ni marefu na yamenyooka ndani ya mwili kama mifuko miwili myembamba. Mbavu zake hazitanui kifua kama zetu, kwa hiyo huyajaza kwa kusukuma. Hupanda juu, hutoa ncha ya pua nje ya maji, na sakafu ya kinywa hupanda na kushuka mara nyingi mfululizo ikiisukuma hewa ndani, kama mtu anayejaza puto kwa mashavu. Kisha huzama tena. Anayemfahamu kamongo, samaki mwenye mapafu, hatashangaa sana kusikia kuwa kiumbe wa majini anaweza kufa akizuiwa kufika juu kuvuta hewa. Mapafu hayo humwezesha kuishi katika maji yaliyotuama na yenye oksijeni kidogo, ambamo samaki wengi wangetapatapa.

Kisha akaja Atretochoana kuharibu hesabu. Historia yake inastahili kusimuliwa taratibu. Mwaka 1968 mtaalamu Mmarekani Edward Taylor alieleza spishi mpya kwa kutumia mwili mmoja tu uliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Vienna, Austria, na akauweka katika jenasi Typhlonectes. Mwaka 1995 Ronald Nussbaum na Mark Wilkinson waliuchunguza upya mwili ule ule na kugundua kwamba hauna mapafu kabisa. Mishipa ya kupeleka damu mapafuni haikuwepo, na matundu yanayounganisha pua na kinywa yalikuwa yamezibwa. Wakampa jenasi yake mwenyewe, Atretochoana, jina linalorejea matundu hayo yaliyozibwa. Miaka michache baadaye mwili wa pili ulitambuliwa katika mkusanyiko wa chuo kikuu huko Brasília. Kwa maneno mengine, mnyama mkubwa kuliko wote wenye asili ya miguu minne na wasio na mapafu alijulikana kwa maiti mbili ndani ya chupa, na hakuna aliyejua anaishi wapi. Ndipo mwaka 2011, wakati sehemu ya Mto Madeira ilipokuwa ikikaushwa kwa ujenzi wa bwawa la umeme la Santo Antônio, wakapatikana sita wakiwa chini ya mto. Mwaka huo huo wengine walipatikana karibu na Belém, kwenye mlango wa Amazon. Picha zilizosambaa mwaka 2012 zilitokana na tangazo la ugunduzi huo.

Kwa nini wanasayansi walishangaa? Kwa sababu ya kanuni mbili ambazo kila mtu anaweza kuzithibitisha nyumbani. Ya kwanza: maji ya baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya moto. Bandika sufuria ya maji jikoni na uitazame kabla haijachemka. Viputo vidogo vitajitokeza ukingoni mapema, na viputo hivyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini na sasa inafukuzwa na joto. Ya pili: kitu kinene kina uso mdogo kulinganisha na ujazo wake. Gogo zima huchelewa kushika moto, lakini ukilipasua vibanzi, kuni zile zile hushika mara moja, kwa sababu uso unaokutana na hewa umeongezeka. Mnyama anayetegemea ngozi pekee angepaswa basi kuwa mdogo na kuishi katika maji ya baridi, na salamanda wengi wasio na mapafu wanafuata sheria hiyo, maana ni wadogo na wengi wao hukaa kwenye vijito na misitu yenye baridi. Kabla ya 2011 wengi walitarajia kwamba Atretochoana atapatikana kwenye vijito vya milimani. Badala yake akapatikana kwenye maji ya uvuguvugu ya Amazon, tena yenye tope, naye ana urefu wa karibu mita.

Sehemu ya jibu iko kwenye mwili wake. Ngozi yake imekunjamana na kuongezeka uso, pezi la mgongoni limekuwa pana, na mishipa midogo ya damu imepenya hadi kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, karibu kuyagusa maji. Sehemu nyingine iko kwenye mto. Maji yanayokimbia na kuvunjika juu ya mawe huchanganyika na hewa kila wakati, na pia huiondoa haraka ile safu ya maji iliyokwisha kunyonywa oksijeni ikaganda kwenye ngozi. Na kuna faida ya kutokuwa na mapafu: mfuko wa hewa ndani ya mwili humfanya mnyama aelee, na anayeelea katika mto wenye nguvu huchukuliwa na mkondo. Asiye na mfuko huo hukaa chini kwenye matope, na hahitaji kupoteza nguvu kupanda juu na kushuka. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, kwamba kiungo ambacho tunakiona cha lazima kilikuwa mzigo mahali fulani.

Tuje kwenye uzazi, ambako dhana ya kawaida shuleni hutupotosha. Tunafundishwa kwamba amfibia hutaga mayai majini, yanatoka viluwiluwi, kisha viluwiluwi wanakuwa wakubwa. Kwa vyura wengi ni kweli. Sesilia wote, tofauti na vyura wengi, hutungishia mimba ndani ya mwili wa jike: dume ana kiungo anachokitokeza kwenye tundu lake na kukiingiza, na kwa Typhlonectes kujamiiana kunaweza kuendelea kwa saa kadhaa huku wawili hao wameshikamana kwa sehemu za nyuma. Baada ya hapo baadhi ya spishi za sesilia hutaga mayai. Typhlonectes hatagi, anazaa.

Ujauzito wa Typhlonectes compressicauda huchukua kiasi cha miezi 6 hadi 7. Mwanzoni kijusi hula kiini cha yai lake, lakini kiini ni kidogo na huisha mapema. Halafu huanza mambo ambayo, ukiyasoma mara ya kwanza, utarudi kuyasoma tena. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa na kutoa ute wenye mafuta na lishe, na vijusi, ambao sasa wametoka kwenye maganda ya mayai lakini bado wako ndani ya mama, hukwangua ukuta huo kwa meno maalumu na kuula. Meno hayo hayafanani na ya mtu mzima: ni madogo, mengi, yamepangwa kama brashi, na hung'oka karibu na wakati wa kuzaliwa yakaachia nafasi meno ya kuwindia. Mmarekani Marvalee Wake alifanya kazi kubwa ya kuyachunguza katika miaka ya 1970. Ukuta uliokwanguliwa hujijenga upya, kama nyasi zinazochipua baada ya kulishwa mifugo.

Kupumua ndani ya tumbo nako kunahitaji ufumbuzi, na ufumbuzi wenyewe ni matamvua. Kijusi cha Typhlonectes huwa na matamvua makubwa yanayotokea shingoni, lakini hayafanani na vile vishada vya manyoya tunavyoviona kwa viluwiluwi wa salamanda. Ni mifuko miwili mipana na myembamba kama kitambaa chepesi kilicholowa, inayomfunika mtoto mgongoni na ubavuni na kujibandika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Damu ya mtoto hupita upande mmoja, ya mama upande wa pili, na oksijeni huvuka kati yao. Kazi yake inakaribiana sana na ile ya kondo la nyuma kwa mwanadamu, ingawa imetengenezwa kwa malighafi tofauti kabisa.

Siku ya kuzaliwa watoto hutoka mmoja mmoja, mara nyingi wasiofika 10, wakiwa bado wameburuta vitambaa hivyo shingoni. Mtoto huanza kuogelea papo hapo. Matamvua hayamfai tena, maana nje ya mwili wa mama yangekuwa kama tanga lililofunguliwa upepo ukiwa umekwisha. Hunyauka na kudondoka muda mfupi baadaye, na shingoni hubaki kovu dogo tu. Mtoto mwenyewe ni mkubwa kupita matarajio, kwani urefu wake hufikia theluthi moja ya urefu wa mama, na wakati mwingine zaidi. Hapiti hatua ya kiluwiluwi. Amezaliwa akiwa mfano kamili wa wazazi wake, na anawinda tangu mwanzo. Gharama kwa mama ni kubwa, na katika Guiana ya Ufaransa ilionekana kwamba jike hazai kila mwaka, bali mara moja kila miaka miwili.

Tabia ya kumla mama haiko majini peke yake. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba Boulengerula taitana, sesilia wa udongoni kutoka Vilima vya Taita nchini Kenya, hutaga mayai na kisha kuwalisha watoto ngozi yake ya nje, ambayo hunenepa kwa mafuta ili waikwangue. Meno ya watoto hao yanafanana na ya vijusi vya Typhlonectes. Ni wazi kwamba tumboni au nje, ukoo huu una desturi ya zamani ya mama kuwa chakula bila kufa.

Chakula chao wenyewe hakina mengi ya kusimulia: minyoo, kamba wadogo, mabuu ya wadudu, na samaki waliokufa au waliochoka. Taya zao zina misuli miwili ya kufungia badala ya mmoja uliozoeleka, mabaki mengine ya maisha ya shimoni, ambamo hapakuwa na nafasi ya msuli mnene kando ya fuvu.

Je, wana sumu? Swali hili huulizwa kila picha inapotokea, na Kiswahili hutuletea tatizo kwa kuwa tuna neno moja kwa mambo mawili. Kuna sumu inayodungwa kwa kuumwa, kama ya swila, na kuna sumu inayomdhuru anayekula au kugusa, kama ya baadhi ya vyura. Sesilia wa majini wana ile ya pili: tezi za ngozi zao hutoa ute wenye sumu unaowafanya samaki wawakwepe, na ni busara kunawa mikono baada ya kuwagusa. Ya kwanza ndiyo iliyozua mjadala. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Butantan huko São Paulo walieleza tezi zilizo kwenye mizizi ya meno ya Siphonops annulatus, sesilia wa udongoni, ambazo majimaji yake yana vimeng'enya vya aina inayopatikana katika sumu za wanyama wanaouma. Ni ugunduzi muhimu, lakini vichwa vya habari viliugeuza kuwa nyoka mpya mwenye sumu. Sesilia hana meno yenye mfereji wa kudungia kama ya swila. Anaweza kuuma mkono unaomshika, na meno yake ni makali, ila hamfuati mtu kumshambulia, na kwa kawaida hukimbilia kwenye tope kabla hujamwona.

Turudi Florida. Mnyama wa mfereji wa Tamiami alinaswa mwaka 2019 na maofisa waliokuwa wakifanya ukaguzi wa kawaida wa samaki. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 60. Hakuna aliyemtambua papo hapo, na alikufa akiwa kifungoni. Uchunguzi wa vinasaba katika Jumba la Makumbusho ya Asili la Florida ulionyesha kuwa ni Typhlonectes natans, na taarifa ikachapishwa mwaka 2021. Njia inayoelezea zaidi ujio wake ni biashara ya wanyama wa kufugwa: mtu alimnunua, akamchoka, akamtupa mferejini akidhani anamwonea huruma. Mfereji wenye maji ya joto, yaliyotulia na yenye mimea mingi haukutofautiana sana na mito ya Kolombia, na mwenye mapafu pamoja na ngozi ya kupumulia hakukosa pumzi.

Katika nchi zao za asili sesilia hawa huingia kwenye nyavu za wavuvi, na mara nyingi huuawa kwa kudhaniwa nyoka. Kuwatofautisha hakuhitaji maabara. Nyoka ana magamba na ulimi uliogawanyika ncha, na mkia wake huendelea mbali baada ya tundu. Mkunga ana mapezi ya kweli na tundu la matamvua nyuma ya kichwa, ambalo hufunguka na kufunga akiwa majini. Sesilia hana kimoja kati ya hivyo. Mweke kwenye ndoo ya maji na usubiri: kama ni Typhlonectes, muda utapita, kichwa kitapanda taratibu, ncha ya pua itatokeza juu ya maji, na koo litaanza kucheza haraka haraka, likijaza mapafu kwa namna ile ile anayoitumia chura.